Barua ya wazi kwa Marais wa Afrika Mashariki: Somalia imeingia, Kiunga bado kuna kufuli

Waheshimiwa Marais wa nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na Katibu Mkuu huko Arusha,

Assalaam aleikum, na kwa msioitumia salamu hiyo, hamjambo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, Mbajuni wa Kizingitini, kisiwani Pate, Kaunti ya Lamu. Nimeshika chaki miaka thelathini na ushei, kwa hiyo mniwie radhi mkiona nawasomesha. Sina chama, sina cheo, wala sigombei chochote. Nina mbuzi. Si wa kufuga. Ni mbuzi ya kukunia nazi, ubao wake umeshiba tui mpaka umekuwa mweusi, na ulimi wake wa chuma umevunjika jino moja upande wa kushoto. Mbuzi hiyo si yangu, na ndiyo iliyonikalisha kitako niwaandikie. Nitaifikia.

Tarehe 24 Novemba 2023 mlikutana Arusha mkatangaza kwamba Somalia imekubaliwa kuwa mwanachama wa nane. Tarehe 15 Desemba mkataba ukatiwa saini Entebbe, na tarehe 4 Machi 2024 Somalia ikakabidhi hati yake ya kuridhia. Nilikuwa jikoni redio iliposema habari ya Arusha. Nilipiga vigelegele peke yangu, paka akatoka mbio. Somalia ilibisha hodi mwaka 2012, enzi za Rais Sheikh Sharif Sheikh Ahmed, ikangojeshwa barazani miaka 11. Sudan ilibisha hodi ikaambiwa haipakani na mwanachama yeyote, ikarudi ilikotoka. Sudan Kusini ilizungushwa mpaka 2016. Kongo ndiyo iliyobahatika: iliandika barua 2019, na 2022 ikawa ndani. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba naandika kupinga. Naandika kwa sababu niliamini.

Barazani kwetu si wote walioamini. Jirani yangu mmoja, muuza samaki, aliuliza: tunachukua moto wa jirani na kuuweka uvunguni? Siwezi kumcheka. Lamu tumezika watu. Mpeketoni Juni 2014 waliuawa zaidi ya watu 60 kwa siku mbili. Barabara ya kwenda Kiunga, mji wetu wa mpakani, imetegwa mabomu mara ambazo sisi wenyewe tumeacha kuhesabu. Baada ya watalii kutekwa Kiwayu na Manda mwaka 2011 tulipigwa marufuku kuvua usiku, na marufuku hiyo ilikaa miaka. Mvuvi aliyenyimwa usiku amenyimwa nusu ya bahari. Waulizeni wanaotega kamba mawe. Kampala mwaka 2010, Westgate 2013, Chuo Kikuu cha Garissa 2015: kila mmoja wenu ana kaburi lake la kukumbuka. Na Uganda ilipeleka vijana wake Mogadishu tangu 2007, Burundi ikafuata, kisha Kenya. Nchi tatu za jumuiya zilikuwa ndani ya Somalia na bunduki miaka mingi kabla Somalia haijawa ndani ya jumuiya. Anayesema tuwaache na matatizo yao amechelewa.

Lakini niliposikiliza hotuba zenu, kuna kitu kilinikwaza. Mlitaja pwani yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,000. Mlitaja samaki, soko, mifugo, wafanyabiashara hodari. Yote kweli. Kila mwaka mbuzi na kondoo kwa mamilioni hupakiwa merikebuni kuvuka kwenda Saudi Arabia kabla ya Hija, na hakuna mwanachama mwingine anayefua dafu kwa hilo. Ila sikusikia hata mmoja wenu akisema kwamba Somalia kuna Waswahili. Si wahamiaji, si wafanyakazi wa kigeni. Wenyeji, tangu enzi na enzi, kwa lugha ile ile ambayo nyinyi mmeifanya rasmi katika jumuiya.

Nendeni Barawa, kusini ya Mogadishu. Wenyewe mji wao hawauiti Barawa, wanauita Miini, yaani Mjini. Lugha yao ni Chimiini. Sikio lililozoea Kiswahili cha redio litapapasa mwanzoni, kisha litashika neno hapa, neno pale, kama mtu anayewatambua jamaa zake gizani kwa sauti. Sheikh Uways wa Barawa, aliyefariki 1909, alifika Unguja enzi za Seyyid Barghash, na zikri ya tarika ya Kadiria aliyoieneza inaimbwa huko mpaka leo. Kofia za kushona za Barawa zimevaliwa na mababu wa baadhi yenu. Bandari za Benadir, Barawa ikiwemo, zilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mtaliano alizikodi 1892 na kuzinunua moja kwa moja 1905, kwa pauni 144,000, kama mtu anayenunua duka na waliomo ndani.

Shukeni kusini zaidi, mfike kwetu. Kisimayu, jina ambalo wazee wetu hulifasiri kuwa kisima cha juu. Koyama. Chovai. Chula. Visiwa vya Wabajuni vimejipanga kutoka Kisimayu mpaka Ras Kiamboni, kisha mstari unaendelea Kiunga, Kiwayu, Faza, Kizingitini, kama kwamba hakuna kitu kilichopita katikati. Kusi ikivuma walipanda, kaskazi ikivuma walishuka. Walioana hivyo, wakarithiana hivyo, wakadaiana hivyo.

Kilichopita katikati ni kalamu. Mpaka 1925 Jubaland, pamoja na Kisimayu yenyewe, ilitawaliwa kutoka Nairobi. Kisha Mwingereza akamkabidhi Mtaliano, shukrani kwa kusimama naye katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Babu yangu mzaa mama alizaliwa Chovai chini ya Mwingereza, akabalehe chini ya Mtaliano, na hakuhama hata chumba. Wakapanda nguzo kugawa ardhi, na ile ya mwisho, namba 29, ipo karibu na maji, mahali ambapo karatasi zao zinapaita Dar es Salaam. Si ile ya Kivukoni. Ni Dar es Salaam nyingine, ndogo, ambayo hakuna basi linalokwenda. Huwa nawaambia wajukuu kwamba mpaka wetu unaishia kwenye nyumba ya salama, wanadhani natunga.

Sasa mbuzi.

Mama yangu mkubwa aliolewa Chovai, akabaki huko mama yangu aliposhuka kuolewa Kizingitini. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, wenye bunduki walifika visiwani. Wabajuni hatukuwa na bunduki, wala ukoo mkubwa wa kutupigania bara. Tulikuwa na mashua. Mama mkubwa alikuwa anakuna nazi ya chakula cha mchana aliposikia mlio, akanyanyuka na kile kilichokuwa mkononi. Alishuka ufukoni kwetu siku kadhaa baadaye na watoto wawili, leso aliyojifunga, na mbuzi ile. Machicha yalikuwa yamekaukia kwenye meno ya chuma. Mama yangu aliipokea akaiosha, bila ya kusema neno, na kisha wakakaa chini wote wawili wakalia mpaka wakacheka. Nani anakimbia vita na mbuzi ya nazi?

Alikaa kwetu kidogo, akahamishiwa kambi ya wakimbizi Jomvu, Mombasa, na wenzake wengi. Kambi zile zilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa waliorudishwa. Hakurudi Chovai, nyumba ilikuwa na wenyewe wapya. Alikwenda Kisimayu. Mbuzi aliiacha kwetu, alisema ataifuata.

Wengine hawakurudi. Walikwenda Uingereza, Marekani, Uholanzi. Wale walioomba hifadhi Uingereza walirekodiwa wakizungumza, wataalamu wakasikiliza kanda wapate kuamua: huyu Mbajuni ni wa Somalia au ni wa Kenya? Nililisikia hilo nikacheka peke yangu. Mtu anatafuta nguzo namba 29 kwenye ulimi wa mwanadamu.

Mwaka 2024, miezi michache baada ya hati kukabidhiwa Arusha, mama mkubwa akalala. Figo. Mwanawe alinipigia kwa WhatsApp, akaniambia mama ananitaja. Mama yangu hayuko tena, mimi ndiye niliyebaki wa kwenda kumuuguza. Nikasema moyoni, kheri ya jumuiya ndiyo hii. Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu, na Itifaki ya Soko la Pamoja tangu 2010 inazungumzia uhuru wa watu kwenda na kurudi. Nilitia kitambulisho mkobani, nikaenda kwenye ofisi moja ya serikali. Sitaitaja, kwa sababu kijana niliyemkuta hana kosa.

"Unakwenda wapi, mwalimu?"

"Kisimayu. Kumuuguza mama yangu mkubwa."

"Somalia?"

"Naam. Si tuko jumuiya moja sasa?"

Alicheka, si kwa dharau, kwa huruma hasa. "Hiyo ni ya marais, mwalimu."

Akanieleza vizuri. Mpaka wa nchi kavu umefungwa tangu vita vya 2011; tuliambiwa Mei 2023 kwamba utafunguliwa kwa awamu, Mandera, Liboi na upande wetu wa Ras Kiamboni, kisha Julai, baada ya mashambulizi, tukaambiwa hapana, bado. Kwa bahari ndiyo usiseme kabisa, chombo kidogo kitashikwa huku au kule. Njia halali ni ndege: Lamu mpaka Nairobi, viza, Nairobi mpaka Mogadishu, kisha nitafute ndege nyingine ya Kisimayu. Nilipiga hesabu kwenye daftari. Kutoka gati la Kizingitini mpaka Kisimayu ni karibu kilomita 250 kwa maji. Kwa njia halali ni zaidi ya 1,800. Fedha zake ni kiinua mgongo cha mtu.

Njiani kurudi, yule nahodha wa boti alinikumbusha kwamba miraa inakwenda Mogadishu kwa ndege kila siku. Ilikuwa imepigwa marufuku 2020, mkaketi, mkazungumza, Julai 2022 ikaruhusiwa. Simwonei wivu mkulima wa Meru riziki yake. Nasema tu kwamba jani lina miguu kuliko mimi. Na sukari ya Kisimayu haijawahi hata siku moja kuuliza kama mpaka umefungwa. Waulizeni wenye maduka Garissa. Kufuli lile linamzuia anayepita mchana.

Mama mkubwa alifariki siku ya kumi na tisa. Nilimwona akitolewa nyumbani kwenye simu, picha ikikwama, ikienda, ikikwama. Jeneza likasimama hewani mabegani mwa watu kiasi cha dakika nzima, halafu mtandao uliporudi uwanja ulikuwa mtupu, kuna kuku tu.

Waheshimiwa, nimeeleza haya si mpate kunihurumia. Kila mtu wa pwani hii ana kisa chake, changu si kikubwa. Nataka mwone Jumuiya inavyoonekana ukiitazama kutoka Kiunga.

Kuna jambo jingine, gumu kidogo, na najua kwenu ni aibu kumwambia mgeni aliyeingia karibuni. Mimi si mgeni wa mgeni, nitamwambia. Siasa ya Somalia tangu mwaka 2000 imegawanywa kwa hesabu wanayoiita nne na nusu: koo kubwa nne kila moja fungu lake zima, na wengine wote waliobaki wagawane nusu. Mbajuni yumo katika nusu hiyo. Mbarawa yumo. Wabantu wa bonde la Juba wamo. Najua hesabu ile ilianza kama dawa ya kuzuia watu wasiuane, na huenda ilizuia. Lakini nimefundisha sehemu miaka mingi, na nusu ikigawanywa kwa watu wengi hubaki makombo. Ibara ya 3 ya Mkataba wenu inamtaka anayeingia afuate utawala bora, demokrasia, haki za binadamu na haki ya jamii. Ujumbe wenu wa uhakiki ulikwenda Somalia mwanzoni mwa 2023. Ningependa kujua kama kuna aliyeuliza kuhusu hiyo nusu, au maswali yalikuwa ya ushuru na bandari tu.

Nafasi ya kuuliza bado ipo. Ibara ya 50 inasema wabunge tisa wa kila nchi katika Bunge la Afrika Mashariki wawakilishe, kwa kadiri iwezekanavyo, vyama, maoni mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Somalia nayo ina viti vyake tisa. Mbajuni mmoja au Mbarawa mmoja katika tisa hatabomoa nchi. Na ingekuwa faida kwenu wenyewe: hapo mngekuwa na mjumbe wa Somalia anayezungumza Kiswahili alichonyonya kwa mama yake, siyo cha kozi ya wiki sita.

Na hapo hapo niguse lugha. Kamisheni ya Kiswahili mliiweka Zanzibar, jambo jema. Somalia itahitaji walimu wa Kiswahili. Nasikia mazungumzo ya kuwapeleka kutoka nchi nyingine, na sina kinyongo, vijana wetu wana njaa ya kazi. Lakini Kisimayu kuna wazee wa Kibajuni waliokatazwa kwa macho tu, bila sheria, kusema lugha yao sokoni, wasije wakaulizwa wewe wa ukoo gani. Barawa ilikaa chini ya al-Shabaab mpaka Oktoba 2014, na wengi waliokuwa wakijua Chimiini vizuri wako ughaibuni, wajukuu zao wanajibu kwa Kiingereza. Kamisheni ikianza na hao kabla ya kufungua vitabu vya darasa la kwanza, itakuta nusu ya kazi imeshafanywa na Mungu.

Bahari je? Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ilichora mstari baharini, kati ya uliotakiwa na Kenya na uliotakiwa na Somalia, ila karibu zaidi na wa Somalia. Kenya ikasema haiutambui. Mimi si mwanasheria, na mafuta ya huko chini siyajui rangi. Ninachokijua ni mvuvi wa Kiunga aliyekatikiwa na mashine, mkondo ukambeba usiku kucha, asubuhi hajui yuko upande wa nani, wala papa aliye kwenye ndoana hajui. Nchi mbili zilizo katika jumuiya moja haziwezi kuendelea kununiana juu ya mstari huku wavuvi wadogo wakiuvuka bila kuuona. Acheni mstari kwa mawakili. Kubalianeni jambo dogo la vyombo vidogo: mashua iliyosajiliwa Lamu na mashua iliyosajiliwa Kisimayu zisishikwe kwa kusukumwa na maji, na kila upande uwe na namba ya simu ya kupiga. Tanga na Kwale wavuvi wanaingiliana kila siku, wanagombana, wanapatana, na hakuna anayekwenda The Hague.

Ninachokiomba hasa ni kidogo kuliko yote haya, na sioni aibu kukiomba. Kituo. Kibanda cha mabati kitatosha. Afisa wa uhamiaji Kiunga na mwenzake Ras Kiamboni, muhuri, daftari, na askari wa kukagua mizigo na watu, wakague mpaka chini ya kucha, tutavumilia. Tumekaguliwa miaka yote hii bila kwenda kokote. Bora tukaguliwe tukiwa na safari. Mtu mwenye jamaa upande wa pili apewe cheti cha muda cha kusafiri, cha siku kumi na nne, kwa barua ya chifu na wazee wawili wanaomjua nasaba yake. Wazee wa pande zote mbili wanajuana mpaka babu wa saba. Ukileta mtu wa uongo utakamatwa kwenye jina la nyanya kabla hujafika kwenye kompyuta.

Halafu mwanamke mwenye kapu la ng'onda au furushi la leso za kuuza asitendewe kama mfanya magendo. Mna mpango tayari, wa biashara ndogo za mpakani, mzigo usiozidi dola 2,000, cheti cha bidhaa kinatolewa pale pale. Unatumika Busia, unatumika Namanga. Hakuna sababu ya bahari kuukataa.

Mtaniambia usalama. Nimeshasema tumezika. Lakini hebu tazameni: mpaka ulifungwa 2011, na Mpeketoni ni 2014, Garissa ni 2015, kambi ya jeshi ya Manda ikashambuliwa Januari 2020. Waliokuja kuua hawakupanga foleni penye muhuri. Watu waliowajua wageni kwa sura, kwa lafudhi, kwa namna mtu anavyofunga kamba ya mashua, ni hawa hawa wa visiwani, na mlipowafungia njia mlijifungia macho. Siwezi kuapa kwamba kituo kitaleta amani. Naapa kwamba kufuli halikuleta.

Na mwambieni Rais Hassan Sheikh Mohamud, mkiwa naye mezani, kwa heshima yote: afisa wa Ras Kiamboni akiwa Mbajuni itakuwa vizuri. Si lazima. Lakini mtu akisalimiwa kwa lugha ya mamaye anapoingia nchi ambayo ilimfukuza mamaye, mambo mengine husemeka.

Mwana wa mama mkubwa alinipigia juzi. Wamehamia nyumba yenye mnazi uani, anasema nazi zinaanguka zinawapotea, kwa sababu vile vikunio vya sokoni vinapinda baada ya wiki. Akaniuliza kama ile mbuzi ya marehemu bado ipo. Nikamwambia ipo, jino moja limetoka, nitamletea demani, bahari ikitulia.

Hakuniuliza demani ya mwaka gani. Nauliza mimi.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Kizingitini, Lamu